Tovuti Inafunguka, Dashibodi Haifunguki

Msikilizaji, mazungumzo ya leo nayaelekeza kwako wewe unayeshika nenosiri la tovuti ya shule, ya parokia, ya msikiti, ya SACCOS, ya gazeti dogo la mkoani. Hukusomea kompyuta. Kazi hiyo uliangukiwa nayo kwa sababu ulionekana mwepesi wa kuandika barua pepe, na tangu hapo kila tangazo linapitia mikononi mwako. Siku moja unaingia kwenye dashibodi kuweka tangazo, unakuta ukurasa mweupe, maneno machache ya Kiingereza na nambari 500. Ukichukua simu ukafungua tovuti yenyewe, inafunguka vizuri. Wageni wanasoma kama kawaida. Aliyefungiwa nje ni wewe mwenye ufunguo.

Maneno yanayotutoka haraka hapo ni "mtandao unasumbua leo." Tunazima data, tunawasha. Tunahama kutoka laini moja kwenda nyingine. Tunanunua bando. Mchana unaingia na tangazo halijawekwa. Nataka tuanzie hapo, kwa sababu kosa hili linapotajwa kwa jina lisilo lake, hakuna anayekwenda kulitafuta lilipo.

Mtandao ukisumbua kweli, dalili zake ni tofauti. Tunaikumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku ile kivinjari kilizunguka mpaka kikakata tamaa, kwa sababu upande wa pili haukujibu. Nambari 500 ni jibu. Ili uipate, ombi lako limetoka kwenye simu yako, limepita mnarani, limefika kwenye seva hata kama seva hiyo iko Ujerumani, limepokelewa, limeanza kushughulikiwa, limekwama njiani, na taarifa ya kukwama ikarudishwa mpaka mkononi mwako. Safari yote ya kwenda na kurudi imekamilika. Bando lako halina kosa lolote.

Nambari hizi zina utaratibu wake. Waraka ulioeleza toleo la 1.0 la itifaki ya HTTP ulitoka Mei 1996, na Tim Berners-Lee, aliyeibuni wavuti akiwa CERN kule Geneva, ni mmoja wa walioandika majina yao juu yake. Nambari 500 imo humo tayari. Zinazoanza na 4 zinamwambia anayeomba kwamba ombi lake lina kasoro: 404, ulichoomba hakipo; 403, huna ruhusa. Zinazoanza na 5 ni seva inakiri kwamba ombi halina tatizo, yenyewe ndiyo iliyoshindwa. Na hata ndani ya hizo za 5 kuna tofauti yenye faida. 502 na 504 maana yake seva iliyo mbele ilimwomba mwenzake aliye nyuma, yule wa nyuma akajibu ovyo au hakujibu kwa wakati. 503 maana yake huduma haipatikani kwa sasa, mara nyingi kwa kuzidiwa au kwa matengenezo. Kwenye seva za kuchangia, zile za bei nafuu ambazo wengi wetu tunazitumia, unaweza pia kukutana na 508, maana yake umefikia kikomo cha ulichokodi. Kwa hiyo unapompigia mtu simu kuomba msaada, usimwambie tovuti imekataa. Mtajie nambari, na umwambie ilitokea ulipobonyeza nini.

Nitaizungumzia WordPress, kwa sababu ndiyo iliyo nyuma ya zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani, na ukipita kwenye tovuti za taasisi zetu ndogo utaikuta kila kona. Matt Mullenweg na Mike Little waliitoa Mei 2003. Imeandikwa kwa lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani mwaka 1995, na lugha hiyo haijaacha kubadilika. Kubadilika huko tutakukuta tena baadaye kidogo.

Sasa, kwa nini ukurasa wa mbele uwe hai na dashibodi iwe imekufa, ilhali vyote viko kwenye seva moja na folda moja? Hili ndilo linalowachanganya watu kuliko yote, na ukilielewa umeshafika nusu ya safari.

Tovuti nyingi zina kache. Mgeni wa kwanza akifungua ukurasa, seva inautengeneza, kisha inahifadhi nakala yake. Mgeni wa pili, wa mia na wa elfu wanapewa ile nakala. Ni kama chakula cha mama lishe kilichokwisha pikwa na kufunikwa: ukifika unapakuliwa, hata kama mkaa umezimika jikoni. Dashibodi haina chakula cha kupakua. Kila unapoingia, kila unapobonyeza, seva inapika upya kwa ajili yako, kwa sababu aliyeingia kwa nenosiri hapewi nakala ya mtu mwingine. Kwa hiyo jiko linaweza kuwa limezimika tangu jana jioni, wageni wakaendelea kula, na anayegundua ni wewe peke yako. Hii ndiyo sababu siku zote nasema tovuti kufunguka si ushahidi kwamba tovuti ni nzima. Nakala zile zitafikia muda wake, na hapo mgeni naye ataiona 500.

Sababu ya pili ni uzito. Ukurasa wa mbele unahitaji kusoma habari na kuipanga. Dashibodi inaamsha kila kitu: plagini zote, yaani vile vipande vya nyongeza tunavyovisimika, na kurasa zao za mipangilio, ukaguzi wa matoleo mapya, orodha za maoni, takwimu, kihariri cha habari. WordPress yenyewe inalikubali hilo. Kwa kurasa za kawaida hudai walau megabaiti 40 za memori. Msimamizi anapoingia kwenye dashibodi, huomba kikomo kipandishwe hadi 256, iwapo seva inaruhusu. Kwenye seva ya kuchangia ombi hilo linaweza kukataliwa kimyakimya. Ukijumlisha plagini 30 zilizosimikwa miaka sita na watu wanne tofauti, kila mmoja na mapenzi yake, mlango wa dashibodi ndio unaoanza kuanguka.

Tuje kwenye ule ukurasa wenyewe. Una maneno machache sana, na watu wanaulaumu kwa uchoyo. Umefanywa hivyo kwa makusudi. Kosa kamili lina njia za folda, majina ya mafaili, wakati mwingine hata jina la kanzidata, na hivyo si vitu vya kumwonyesha kila apitaye. Seva inampa mgeni sentensi moja, na kisa chote inakiandika mahali pengine, kwenye logi. Msikilizaji, nikiambiwa nikuachie jambo moja tu jioni ya leo, ni hilo: kosa lako limeshaandikwa. Lina saa, lina jina la faili, lina namba ya mstari. Kabla hujafuta kitu, kabla hujasimika kitu, kabla hujapakia upya ukurasa kwa mara ya ishirini, nenda kalisome.

Liko wapi? Kama kampuni iliyokukodisha nafasi imekupa cPanel, yaani paneli ya kusimamia nafasi hiyo, ingia kwenye sehemu ya mafaili, fungua folda ya tovuti, tafuta faili linaloitwa error_log. Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi chipukizi hulipita: mara nyingi kila folda inaweka error_log yake. Kosa lililotokea ukurasa wa mbele litaandikwa kwenye folda kuu, na lililotokea kwenye dashibodi litaandikwa ndani ya folda ya wp-admin. Mtu anafungua lile la nje, anakuta mistari ya mwaka juzi, anasema logi haina kitu. Ingia ndani, kisha nenda mwisho wa faili, kwa sababu mstari mpya huandikwa chini.

Kama hulioni, unaweza kuiamuru WordPress iandike ya kwake. Chukua kalamu, nitataja polepole. Kuna faili linaloitwa wp-config.php. Lifanyie nakala kwanza, uiweke pembeni, nje ya seva. Kisha juu ya ule mstari unaosema usihariri zaidi ya hapa, hakikisha kuna vitu vitatu. Cha kwanza, WP_DEBUG, thamani yake iwe true. Cha pili, WP_DEBUG_LOG, nacho true. Cha tatu, WP_DEBUG_DISPLAY, hiki kiwe false, ili makosa yaandikwe bila kumwagwa mbele ya wageni. Kama WP_DEBUG imo tayari, badilisha thamani yake, usiiandike mara mbili. Hifadhi, jaribu kuingia kwenye dashibodi mara moja tu, kosa litokee, kisha fungua folda ya wp-content. Utakuta faili jipya, debug.log.

Sasa tuusome mstari mmoja pamoja, maana ukishajua kuusoma mmoja umejua kuisoma yote. Unaanza na mabano ya mraba, ndani yake tarehe na saa: 12 Juni, 11:07:42, na herufi tatu, UTC. Simama hapo kwanza. Hiyo si saa tano na dakika saba asubuhi ya kwetu. UTC iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo hapa Afrika Mashariki ilikuwa 14:07, yaani saa nane na dakika saba mchana. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao, wakibishana na logi kwamba saa hiyo hakuna aliyekuwa kazini. Kabla hujabisha, ongeza tatu, kisha ugeuze kwa saa zetu. Mistari ya error_log inaweza kufuata saa ya mahali seva ilipo, basi angalia herufi zilizoandikwa baada ya saa.

Baada ya saa yanakuja maneno yanayotaja uzito wa kosa. Ukiona Notice, Warning au Deprecated, hizo ni tahadhari. Zinaweza kuwa mamia na tovuti ikatembea. Usihangaike nazo leo. Unalolitafuta ni Fatal error, kosa lililoisimamisha kazi. Mbele yake kuna maelezo. Yakisema memori ya ukubwa ulioruhusiwa wa baiti 268435456 imekwisha, usitishwe na wingi wa tarakimu: hizo ni megabaiti 256 kamili. Ukiona 134217728, hizo ni 128. Yakisema muda wa sekunde 30 umezidi, kuna kazi iliyochukua muda mrefu kuliko ulioruhusiwa. Yakisema kuna fankisheni iliyoitwa na haikupatikana, basi mara nyingi msimbo wa zamani umekutana na PHP mpya, au faili fulani halikupakiwa kamili.

Na mwisho wa mstari ndipo lilipo jina. Utaona njia ndefu ya folda. Ifuate mpaka ukute neno plugins au themes. Folda inayofuata baada ya neno hilo ndiyo mtuhumiwa wako, na namba iliyo mwishoni kabisa ni mstari ndani ya faili ambapo kazi ilisimama. Nasema mtuhumiwa, kwa sababu memori ikiisha, anayetajwa ni aliyeomba kipande cha mwisho, na huenda aliyekula kingi ni mwingine. Lakini kwa kosa la fankisheni isiyopatikana, jina hilo mara nyingi huwa ndilo.

Nitakupa kisa. Shule moja ya sekondari ya bweni, ya serikali, ilikuwa inasubiri wanafunzi wapya wa kidato cha tano. Wazazi walikuwa wanasubiri fomu za maelekezo ya kujiunga: ada ndogondogo, godoro la ukubwa gani, sare ya rangi gani, akaunti ya benki ipi. Makamu mkuu wa shule, ambaye ndiye aliyeshika tovuti, aliingia kuweka fomu mpya akakutana na 500. Kwenye tovuti iliendelea kusomeka fomu ya mwaka uliopita, yenye tarehe ya kuripoti iliyokwisha pita na orodha ya mahitaji iliyokwisha badilishwa. Nilipofika nilimuuliza, "Mwalimu, wiki hii nani amegusa nini?" Akanijibu, "Mwanangu, hakuna aliyegusa kitu. Sisi tulikuwa kwenye mitihani." Nilimwamini, na alikuwa anasema kweli.

Tulifungua error_log ndani ya wp-admin. Mstari wa mwisho ulilalamikia fankisheni iitwayo create_function, ndani ya plagini ya kuonyesha picha za mahafali. Anayefuatilia PHP analijua jambo hilo: create_function ilitangazwa kuwa ya kuachwa, kisha ikaondolewa kabisa kwenye PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020. PHP 7.4, ya mwisho katika kizazi cha saba, iliacha kupewa matengenezo ya usalama Novemba 2022. Kampuni ya seva ilikuwa imehamisha wateja wake kwenda PHP 8, jambo ambalo ni sahihi kulifanya, kwa kuwa kuendelea na toleo lisilotengenezwa ni kuacha mlango wazi. Plagini ile ilikuwa imeachwa na aliyeitengeneza. Hakuna aliyegusa kitu, na bado kila kitu kilikuwa kimebadilika chini ya miguu yao. Kwa hiyo swali la nani amegusa nini ukiliuliza, liulize na la pili: nini kimejibadilisha chenyewe? WordPress imekuwa ikijisasisha matoleo madogo bila kuulizwa tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, na tangu 5.5 la mwaka 2020 plagini nazo zinaweza kuwekwa zijisasishe. Usiku mmoja unatosha.

Dawa haikuwa ngumu. Tuliingia folda ya plugins, tukaibadilisha jina folda ya plagini ile moja, tukaongeza neno dogo mbele yake. WordPress ikiikosa plagini mahali ilipotarajia, inaendelea bila hiyo. Dashibodi ikafunguka, fomu ikawekwa mchana uleule. Ungeweza kuibadilisha jina folda nzima ya plugins na kuzizima zote kwa mpigo, kisha kuziwasha mojamoja, na wengi ndivyo wanavyofundishwa. Inafanya kazi. Lakini ukizima zote unazima pia ile ya fomu za malipo na ile ya usalama, na wageni wako wataona. Logi ikikutajia jina, shughulika na mwenye jina.

Kilichoniuma kwenye kisa kile ni kitu kingine. Tangu WordPress 5.2, iliyotoka Mei 2019, kosa kubwa likitokea programu humwandikia msimamizi barua pepe. Barua hiyo inataja plagini iliyoangusha na ina kiungo maalumu cha kuingilia katika hali ya uokoaji, ambamo plagini ile inasimamishwa kwa ajili yako tu ili uingie ukaizime rasmi. Kampuni ya seva nayo ilikuwa imetuma taarifa ya kubadilisha PHP wiki kadhaa kabla. Barua zote hizo zilikwenda kwenye anwani ya kijana aliyeitengeneza tovuti alipokuwa mwalimu wa kujitolea pale. Kijana alishapata ajira mkoa mwingine, na anwani ile aliacha kuifungua. Hana lawama. Shule iliomba tovuti, akaitengeneza kwa moyo, na hakuna aliyekumbuka kumwuliza barua zinakwenda wapi.

Nakusihi, msikilizaji, kesho dashibodi yako ikiwa nzima, fungua mipangilio ya jumla uangalie anwani ya barua pepe ya msimamizi ni ya nani. Iwe ya ofisi, ifunguliwe na watu wasiopungua wawili. Fanya hivyohivyo kwenye akaunti ya kampuni ya seva na ya jina la tovuti. Shule zetu, zahanati zetu na vyama vyetu vya ushirika vinaendeshwa na watu wanaohamishwa, wanaostaafu, wanaofariki. Taasisi inabaki, na barua zake lazima zibaki nayo.

Yapo mengine nitayapita kwa haraka. Faili la .htaccess likiharibika kwa herufi moja tu kwenye seva za Apache, tovuti nzima hutoa 500, mbele na nyuma. Libadilishe jina, na ukishaweza kuingia nenda kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu ubonyeze kuhifadhi, WordPress italiandika upya. Ujumbe wa kwamba muunganisho wa kanzidata umeshindikana ni habari ya jina la kanzidata, mtumiaji, nenosiri au anwani ndani ya wp-config.php, au kanzidata yenyewe imelala, plagini hazihusiki. Ukurasa unaosema tovuti iko kwenye matengenezo ya muda mfupi, na muda huo haufiki mwisho, unatokana na faili dogo liitwalo .maintenance lililosahaulika sasisho lilipokatika katikati, lifute. Na angalia nafasi ya diski. Diski ikijaa, seva inashindwa hata kuandika vitu vidogo inavyohitaji ili ikuruhusu kuingia, na mara nyingine kilichoijaza ni lile faili la error_log lenyewe, lililonenepa kwa miaka bila kufunguliwa na mtu.

Kama nambari yako ni 503 au 508 na inakuja na kuondoka, tazama nani anagonga mlango. Programu za wahuni huzunguka duniani mchana na usiku zikijaribu manenosiri kwenye wp-login.php na kwenye xmlrpc.php, mlango wa programu za nje, hazichagui tovuti ndogo wala kubwa. Kila jaribio linaishughulisha seva. Kwenye nafasi ya kuchangia yenye kikomo cha kazi chache kwa wakati mmoja, majaribio hayo yanatosha kukufungia nje bila hata mmoja kufanikiwa. Dawa yake ni kuweka kikomo cha majaribio na kuifunga xmlrpc kama huitumii. Kununua seva kubwa zaidi kabla ya hapo ni kuwalipia wahuni nafasi ya kucheza.

Kuna njia za mkato ambazo lazima nizitaje kwa sababu zinaumiza watu. Ya kwanza ni kuyapa mafaili yote ruhusa ya 777 eti seva isikatae. Ruhusa za kawaida ni 755 kwa folda na 644 kwa mafaili. 777 humruhusu kila mtumiaji wa seva ile kuandika ndani ya tovuti yako, na kwenye seva nyingi za kuchangia ruhusa hiyo yenyewe ndiyo inayoleta 500, maana seva inakataa kuendesha faili lililoachwa wazi namna hiyo. Ya pili ni kwenda kutafuta plagini ya kulipia iliyovunjwa, inayogawiwa bure, kuziba pengo la ile iliyokufa. Nyingi hubeba msimbo uliofichwa, na utatoka kwenye kosa lililokufungia nje uingie kwenye jingine linalomfungulia mwizi. Ya tatu ni kurusha nenosiri la msimamizi kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200 na kuomba anayejua asaidie. Mtengenezee fundi mmoja akaunti yake ya muda, akimaliza uifute.

Ikiwa umesoma logi na umeona lililomo linakuzidi, piga simu kwenye kampuni ya seva, lakini nenda na vitu mkononi: nambari ya kosa, saa iliyotokea pamoja na kutaja kama ni saa zetu au UTC, ukurasa uliokuwa unaufungua, na ule mstari wa Fatal error ulionakiliwa neno kwa neno. Usipige picha ya skrini iliyofifia. Mhudumu anayepokea simu nyingi kwa siku akipata mstari huo anajua amuulize nani. Asipoupata, atakuomba ufute kache ya kivinjari, na mtakuwa mmerudi kwenye bando.

Dashibodi ikishafunguka, kazi bado ina hatua. Chukua nakala ya tovuti nzima, mafaili na kanzidata, uiweke nje ya seva ileile. Tafuta plagini nyingine inayofanya kazi ya ile iliyoanguka, uangalie ilisasishwa mara ya mwisho lini kabla ya kuisimika. Andika kwenye daftari la ofisi, kwa kalamu, kilichotokea na kilichofanywa, ili atakayekuja baada yako asianze upya. Kisha rudi kwenye wp-config.php, uirudishe WP_DEBUG iwe false. Na lile faili la debug.log lifute. Limekaa ndani ya wp-content, na kwenye seva nyingi mtu yeyote duniani anayejua anwani yake anaweza kulifungua kwa kivinjari na kusoma kila kilichoandikwa humo. Lifute leo, usilale nalo.